Mama Mkwe wa Stesheni ya Kitale

Kama hujawahi kuona wanaume wanane wenye vifua kama magunia ya mahindi wakimkimbia mwanamke mmoja mwenye kikapu cha ndizi, pole, ulikosa. Kitale iliona. Iliona mchana kweupe, na mpaka leo ukipita sokoni ukataja neno mtaimbo, kuna mtu ataweka kikombe chini kwanza asije akajimwagia chai.

Wanaume hao walitoka Bungoma kwa lori la Mamlaka ya Njia za Reli, ile ofisi ya serikali inayosimamia reli zote za nchi, zinazotembea na zinazolala. Ya Kitale ilikuwa katika zile zinazolala. Pale ndipo reli inapokoma. Treni ikifika haina mbele, inarudi nyuma kama mlevi aliyekutana na ukuta. Lakini ilikuwa haijafika kwa miaka mingi. Nyasi zilikuwa zimefunika vyuma, mbuzi walizalia kwenye jukwaa la abiria, na wanawake wa biashara, ambao hawawezi kuona mahali pamekaa bure wakalala usingizi, wakaingia na mbao zao, mabati yao na sufuria zao.

Wa kwanza kuingia alikuwa Nyaruai, mjane wa Mathenge. Meno yalikuwa yamebaki machache lakini ulimi ulikuwa mzima wote. Aliuza ndizi mbivu na githeri ya mahindi na maharagwe, na kibanda chake kilisimama katikati ya vyuma viwili vya reli. Alikuwa akiwaambia wateja kwamba Kitale nzima ni yeye tu aliye na nyumba yenye msingi wa chuma, na uliwekwa na serikali.

Sasa serikali ilikuwa imekumbuka chuma chake. Kwenye baraza moja watu wa Mamlaka walisema treni inarudi, uwanja lazima uwe wazi, na wafanyabiashara wote watapewa mahali mbadala.

"Hapo mahali mbadala panaitwaje?" Nyaruai aliuliza.

"Panaitwa mbadala, mama," ofisa akamjibu.

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa amewaona wenzao wa kando ya stendi walivyoahidiwa maneno hayohayo. Mmoja sasa alikuwa huko Ndalu akiuza sabuni kwenye baraza ya duka la mtu. Mwingine alirudi Naitiri kwa kaka yake, na mke wa kaka anamhesabia vijiko vya sukari. Ukishatawanya kuku, huwarudishi kwa kupiga makofi.

Na kitu kilichomkera zaidi kilikuwa palepale, hatua chache tu kutoka kibandani kwake: ghala la mizigo. Ghala la mawe, refu, lenye paa pana na sakafu ya saruji, lilijengwa zamani mahindi ya Trans-Nzoia yalipokuwa yakisafiri kwa treni. Lilikuwa limefungwa kufuli, na ndani wakaaji walikuwa popo.

"Sisi hatukatai kutoka," Nyaruai aliwaambia wenzake. "Tunakataa kutoka kwenda hewani. Watufungulie lile ghala kwanza, ndipo tubomoe. Wakibomoa kwanza, tumekwisha."

Hilo ndilo lilikuwa neno lao wote. Ghala kwanza.

Basi asubuhi lori lilipoingia, wanawake walisimama kila mmoja mlangoni pake, mikono kifuani. Wanaume wakashuka, makoti yao ya kung'aa yakiumiza macho, mitaimbo begani. Aliyetangulia alibeba mkebe wa rangi nyekundu ya kutia vibanda alama, kama padri aliyebeba maji ya baraka. Nyaruai alikuwa anatoka kununua ndizi, kikapu mkononi, akazunguka kona ya kibanda cha Chelangat muuza maziwa, na hapo akakutana nao ana kwa ana.

Yule mwenye mkebe aliinua macho. Akayashusha haraka kama aliyeungua.

"Ni mama mkwe," akasema kwa sauti ya mtu aliyekanyaga nyoka.

Mkebe ukaanguka. Yeye akakimbia, na wale saba wakamfuata bila kuuliza swali. Walipita jukwaani, wakawaruka mbuzi, wakatokomea nyuma ya tangi kuukuu la maji. Rangi nyekundu ikamwagika kwenye nyasi, na mtaimbo mmoja ukabaki chini ukizunguka peke yake.

Chelangat alichungulia dirishani na kata ya maziwa mkononi. "Mama Wamboi, umewaonyesha nini?"

"Ndizi," akasema Nyaruai. "Na hazijaiva vizuri."

Lakini moyoni alikuwa ameshamtambua aliyetangulia. Alikuwa Wabwile, mume wa binti yake Wamboi, baba wa mjukuu wake Joy. Alijua kwamba anafanya kazi ya reli huko Bungoma. Hakujua kwamba ndiye atakayetumwa kumng'oa.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo, kama treni. Miaka ile Wamboi alipompata Wabwile, Nyaruai na wanawake wenzake waliteremka Bungoma kuangalia boma la kijana, maana ndivyo wanavyofanya kwao: waone kama kuna kuni, kama ghala lina kitu, kama binti yao hatalala njaa. Nyaruai alimwona mkwe wake amesimama karibu na zizi, mrefu, amenyooka, anapendeza. Akafungua mikono yote miwili akamwendea amkumbatie, kama watu wa kanisa. Kijana akatazama kushoto, akatazama kulia, akaingia kwenye sukuma wiki, akaruka ua na suti yake mpya, na mara ya mwisho kuonekana alikuwa anaelekea Kimilili.

Shangazi za kijana waliweka mikono kichwani. Ndipo mmoja akamkalisha Nyaruai chini akamweleza. Kwa Wabukusu, watu wa kijana huyo, mama mkwe huheshimiwa kwa mbali. Mkwe wa kiume hamshiki mkono, hamtazami usoni, haingii mahali alipo mpaka yeye atoke. Wakikutana njiani, mmoja ataingia shambani kwa watu. Na itakuwa hivyo mpaka mkwe alete blanketi, na mama alipokee mbele ya mashahidi. Akishalipokea, kizuizi kimeondoka, wanaweza hata kula meza moja.

"Kwani mimi ni ugonjwa?" Nyaruai aliuliza.

"Wewe ni heshima," shangazi akasema.

"Heshima gani inaruka ua?"

Alirudi Kitale amenuna, na alikaa na kinyongo hicho miaka. Blanketi lenyewe halikuja. Kila Krismasi Wabwile aliahidi la mwaka ujao.

Lakini hata hivyo, huyo ni mkwe mmoja. Hao saba wengine walikimbia nini? Nyaruai alilifikiria jambo hili akiwa ameketi juu ya kikapu chake, na jibu lilipomjia alicheka mpaka akashika mbavu.

Mamlaka ilikuwa imempa Wabwile ruhusa ya kuandika vibarua mwenyewe. Naye, kama mtu yeyote mwenye akili za nyumbani, hakutafuta mbali. Aliandika bakoki wake, wale aliotahiriwa nao msimu mmoja kule Kimilili. Bakoki wanazidi ndugu. Ukiwa na ng'ombe, ni wa wote. Ukiwa na msiba, ni wa wote. Na ukiwa na mama mkwe, jamani, huyo naye ni wa wote. Wabwile alikuwa ameandika kikosi kizima chenye mama mkwe mmoja. Lakini tumlaumu vipi? Nani anayeandika vibarua akawauliza habari za mama mkwe?

"Chelangat," Nyaruai akasema, "hebu tazama."

Akainuka, akatembea taratibu upande wa kushoto. Nyuma ya tangi, makoti yakasogea kulia. Akarudi kulia. Makoti yakarudi kushoto. Akafanya tena, na tena, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

"Mungu amewapa nini hawa," Chelangat akanong'ona.

"Amewapa mimi," akasema Nyaruai.

Tangu siku hiyo kazi ya Mamlaka katika stesheni ya Kitale ilisimama. Wanaume wakijaribu kibanda cha upande wa barabara, Nyaruai alikuwa ameshaketi ndani anachambua maharagwe. Wakienda upande wa jukwaa, walimkuta ameegemea nguzo anapiga miayo. Wakitaka kuvizia, akawahi. Na miguu ilipomchosha, akagundua kwamba hahitaji hata kwenda. Alitundika leso yake ya njano kwenye mlango wa kibanda, akaenda kulala. Nani ataingia kuhakikisha kama yumo? Anayemwogopa mama mkwe huogopa mpaka leso yake. Wanawake wakaona dawa ni hiyo, kila mmoja akatafuta leso ya njano, na kufikia Jumatano uwanja mzima ulikuwa unapepea njano kama shamba la alizeti.

Job, mmoja wa bakoki, mwenye mdomo mrefu kuliko wote, alisimama mbali akapaza sauti huku uso ameugeuzia ukuta. "Nyinyi akina mama, si mtuambie tu kama yuko wapi, bana. Sisi tunatafuta ugali kama nyinyi."

"Yuko kila mahali," Chelangat akamjibu. "Kama neema."

Wanawake walicheka sana siku hizo. Nyaruai alicheka kuliko wote, mpaka simu ya binti yake ilipolia.

"Mami," Wamboi alisema kutoka Bungoma, na haikuwa sauti ya kucheka. "Unafanya nini huko?"

"Nauza ndizi."

"Mami, nimeambiwa yote. Treni ya majaribio inaingia Kitale Jumamosi, na wageni wa Mamlaka ndani yake. Mkubwa wao anakuja kesho. Akikuta hivyo vibanda, Baba Joy amefutwa. Ameshaambiwa. Unataka nikuletee watoto uwalishe ndizi?"

Nyaruai alitazama leso zote zile zikipepea. Ghafla zilionekana nyingi mno.

"Na wewe mwambie mumeo atufungulie ghala."

"Yeye ana nguvu gani? Ni mtu wa chini tu. Mami, nimekuomba. Usiniharibie nyumba kwa mila ambayo hata si yako."

Simu ilikatika. Nyaruai hakumaliza chai yake. Akiondoka njiani, wanawake wanatawanyika kama wale wa stendi. Asipoondoka, mkwe anarudi kuchunga mbuzi wa baba yake. Alikuwa amejifungia katikati ya vyuma viwili, sawa na kibanda chake.

Akachukua kigoda, akaenda kwenye tangi la maji. Lilikuwa tangi la chuma lililosimama juu ya ukuta wa mawe, la enzi za treni za mvuke. Akaketi upande wa huku, mgongo ukutani, akakohoa. Upande wa kule mtu akakohoa pia.

Kisha sauti ya Wabwile ikasema, kwa adabu, "Tangi, habari ya leo?"

Nyaruai alitazama juu. Tangi halikujibu. Akaelewa mchezo.

"Tangi," akasema, "mwambie anayekusalimu kwamba tuko salama, isipokuwa magoti."

"Tangi, pole ya magoti."

"Asante. Tangi, mwulize blanketi lilikwama wapi."

Upande wa kule viatu vikasugua ardhi. "Tangi, hiyo tuiweke kando kwanza."

"Haya, iwekwe. Tangi, mwambie sitaki arudi kuchunga mbuzi. Nilimpa binti mtu wa reli. Lakini hawa wanawake nao wana watoto, na nikiondoka njiani ni mimi nimewauza. Lile ghala, ni nani anaweza kulifungua?"

"Tangi, ni Bi Jerono peke yake, mkubwa wetu. Ufunguo hutembea naye. Nimemwomba kwa simu tangu tupewe hii kazi. Nimemwambia, madam, hawa wamama tukiwapatia ghala watatoka wenyewe. Anasema, baada ya treni."

Nyaruai akageuza kichwa, akakumbuka, akakirudisha. Hakuwa amejua kwamba kijana huyu alikuwa akiwaombea. Miaka yote alimjua kwa mgongo tu.

"Tangi," akasema polepole, "huyo Jerono anataka nini kuliko vyote?"

"Anataka Jumamosi treni iingie uwanja safi, wageni washuke, wasifie."

"Na vikosi vingine mnavyo?"

"Viko mbele ya treni, vinafyeka nyasi kutoka upande wa Eldoret. Haviwezi kufika kabla yake. Hapa ni sisi tu."

Magoti ya Nyaruai yakaacha kuuma kwa muda. "Tangi, mwambie kesho akae mbali na mimi. Mbali sana. Asione haya kukimbia mbele ya mkubwa. Akimbie vizuri."

"Tangi," Wabwile akasema, "kukimbia tunajua."

Kesho yake Bi Jerono aliwasili. Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vizito, kofia ngumu nyeupe, na mwendo wa mtu ambaye hata treni humpisha. Alisimama katikati ya leso za njano, akazitazama, akamtazama Nyaruai aliyeketi kwenye kigoda katikati ya reli, kisha akatafuta watu wake. Aliwaona mbali, wamejipanga nyuma ya tangi, migongo huku.

"Wabwile," akaita. "Kwa nini mmesimama huko?"

"Madam," Wabwile akajibu akiwa ameyakabili mawe, "kuna mama mkwe."

"Wa nani?"

"Wetu."

"Wenu nyote?"

"Sote, madam."

Bi Jerono alikuwa amesomea mambo ya reli mpaka ng'ambo, lakini hakuna darasa lililogusa hili. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Nimesema mje mbomoe."

Nyaruai akainuka akajinyoosha, akapiga hatua moja tu kuelekea tangi. Wanaume wanane wakaondoka kwa pamoja, kwa mbio safi, Job akiwa mbele, wakaenda kusimama kwenye ua wa mwisho wa stesheni. Ukweli ni kwamba walikimbia vizuri.

"Nitaita polisi," Bi Jerono akasema.

"Waite, madam," Chelangat akasema akiendelea kusugua kibuyu. "Hii ni saa ya maziwa. Wako hapa kwangu."

Askari wawili waliokuwa kwenye benchi walisimama kwa heshima, kila mmoja na bilauri yake, mdomo umebaki na masharubu meupe. Wakaona aibu. Wakaketi tena.

Nyaruai akamkaribia Bi Jerono. Aliacha mizaha nje, kama mtu anavyoacha viatu mlangoni.

"Mama, mimi na wewe tuzungumze. Wewe unataka uwanja. Sisi tunataka ghala. Ufunguo unao wewe, mikono tunayo sisi. Vibanda hivi tulivijenga wenyewe, kila msumari tunajua unapokaa. Tufungulie ghala sasa hivi, na jua halitazama ukaona hata ubao mmoja juu ya reli. Kesho kutwa wageni wako wakishuka, badala ya kukutana na popo watakutana na ndizi, maziwa na chai ya moto."

"Na nikiwafungulia mkakataa kutoka?"

"Mimi nitaingia nikae kwenye lori lako. Nikiwa humo siko uwanjani, na vijana wako watabomoa bila mtu wa kuwakimbiza. Nitakuwa rehani."

Bi Jerono alijaribu kukaza uso. Kona moja ya mdomo ikamsaliti. "Mpango huu ni wa nani?"

Hapo Nyaruai angeweza kusema ni wangu, na kusema kweli angependa. Alitazama kule uani, akaona migongo minane, na mmoja ukiwa umeinama kidogo kuliko mingine.

"Ni wa Wabwile," akasema. "Alikueleza kwa simu hukumsikiliza. Akaliambia tangi, tangi likaniambia mimi."

"Tangi."

"Linaongea sana hilo, mama. Kama wewe una mkwe, litafute siku moja."

Sasa Bi Jerono alicheka, kicheko kifupi cha mtu asiye na mazoea nacho. Alikuwa na mkwe kweli, kule Kapsabet, na mkwe huyo alikuwa haongei naye wala kwa tangi. Akatoa funguo mfukoni, akaenda mlangoni pa ghala, wanawake wote nyuma yake. Akaingiza ufunguo. Haukuzunguka. Akajaribu tena. Kufuli lilikuwa limeoza ndani kwa kutu.

Wanawake wakaguna. Nyaruai yeye alijifunika leso yake kichwani mpaka kifuani, kama sufuria ya githeri inayofunikwa isipoe, akajigeuza akautazama ukuta.

"Waiteni wale vijana," akasema kutoka ndani ya leso. "Mitaimbo si wanayo?"

Wakaja, wakipita upande wa mbali, macho chini. Na mitaimbo ileile iliyotoka Bungoma kuvunja vibanda ikaingia kwenye kufuli la Mamlaka. Wabwile akahesabu, wakavuta pamoja, na mlango ukafunguka kwa kilio kilichosikika mpaka barabarani. Popo wakamwagika nje kama moshi. Jua likaingia mahali ambapo halikuwa limeingia miaka na miaka, likalala kwenye sakafu pana, na wanawake wakaingia wakinyata, kama wanaoingia kanisani.

Bi Jerono akasimama mlangoni akasema mbele yao, mbele ya vibarua na mbele ya askari na maziwa yao, kwamba kuanzia siku hiyo ghala hilo ni soko la stesheni, na atakayewatoa itabidi aanze na yeye. Kisha akamkabidhi Nyaruai ule ufunguo usiofungua kitu. Nyaruai aliufunga kwenye pindo la leso. Alisema ufunguo ni ufunguo.

Kilichofuata, hata mbuzi walisimama kutazama. Wanawake wa Kitale wakabomoa. Walivua mabati kama mtu anavyomenya ndizi, wakang'oa mbao, wakakunja maturubai, huku wakiimba wimbo wa kanisa kwa lugha tatu kwa wakati mmoja, na kila lugha ikidai ndiyo iliyoanza. Bakoki nao hawakukaa. Walibeba mizigo mizito kwa mlango wa nyuma, akina mama wakipokea kwa mlango wa mbele, na Nyaruai aliketi pale katikati amefunikwa leso, akielekeza kazi kwa kidole bila kuona. Cha mwisho kubomolewa kilikuwa kibanda chake. Jua lilipogusa mlima Elgon, reli ilikuwa tupu, vyuma viwili vikikimbia kwenda nchi za watu.

Jumamosi Kitale ilijaa. Watu walipanda kuta, wanafunzi walipanda miti, na wazee waliokuwa wamepanda treni ile ujanani walisimama jukwaani na makoti ya Krismasi. Honi ikasikika mbali. Mtu mmoja akaanza kulia bila sababu, wengine wakamsaidia. Kisha kichwa cha treni kikatokea kwenye kona, kikubwa, kikipumua, kikija polepole kama bibi harusi anayejua anatazamwa.

Kwenye dirisha la mbele, kando ya dereva, alisimama Wabwile, kofia nyeupe kichwani, maana Bi Jerono alikuwa amempa kazi ya kuiingiza treni stesheni. Alikuwa anapunga mkono kwa watu wote. Kisha akamwona Nyaruai amesimama jukwaani mbele kabisa. Mkono ukabaki hewani kidogo, na mtu mzima akazama chini ya dirisha.

"Mkwe wako ameanguka," Chelangat akasema.

"Hajaanguka," akasema Nyaruai, na shingo yake ilikuwa ndefu kuliko siku zote. "Ananiheshimu."

Wageni walishuka, wakapelekwa moja kwa moja ghalani. Walikula ndizi, wakanywa maziwa, wakarudia githeri, wakapiga picha za paa. Mmoja aliuliza kama stesheni zote za Mamlaka zina soko namna hii. Bi Jerono akasema bado, lakini mpango upo, na jina la Wabwile likatajwa mara zaidi ya moja.

Katikati ya shangwe hizo Wamboi alitokea, amefika kutoka Bungoma na Joy mkononi na furushi chini ya kwapa. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu. Kisha akafungua furushi. Ndani mlikuwa na blanketi zito, jekundu, lenye picha ya simba aliyelala.

"Ameleta, mami. Yuko kule nyuma ya tangi na wenzake wote, wameoga. Mashahidi wako hapa. Pokea, yaishe, uje umwone mkwe wako uso."

Nyaruai alilipapasa blanketi. Akalinusa. Akamtazama simba, akaona wamefanana kidogo.

"Ni zuri," akasema. "Lifunge tena."

"Mami."

"Paa linavuja upande wa Chelangat, na soko halina choo. Mamlaka wameahidi, na mimi nawajua kwa kuahidi. Blanketi nikilipokea leo, nani atawakimbiza kesho? Siku choo kikifunguliwa, nitalipokea hapohapo mlangoni."

Wamboi akashika kiuno, akaanza kukasirika, akashindwa, akacheka.

Nyaruai akaenda mpaka kwenye tangi, akasimama upande wa huku. Upande wa kule alisikia viatu vingi vikijipanga.

"Tangi," akasema, "mwambie mwanangu amefanya kazi ya kiume. Treni imeingia vizuri."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Upande wa kule mtu akapenga kamasi. Huenda alikuwa Job.

"Tangi," sauti ya Wabwile ikaja, nzito kidogo, "mwambie mama asante."

"Nimesikia. Na mwambie choo kiwe na milango miwili, mmoja wa wanaume, mmoja wa wanawake. Sitaki kukutana na mtu humo akatoboa ukuta."

Kule nyuma wanaume wanane wakaangua kicheko, na tangi kuukuu, ambalo halikuwa limetiwa maji tangu enzi za mvuke, likavuma lote kama ngoma. Nyaruai akafungua pindo la leso, akaugusa ule ufunguo, akarudi ghalani kwake, maana abiria walikuwa wanaita ndizi.